Trakta haina breki, jibu likawa "pole sana"

Wakuu, salamu kutoka Kampala. Hii sikusimuliwa. Nilikuwa nimesimama palepale, na mpaka leo nikisikia trakta nyuma yangu lazima nigeuke.

Mimi nakaa Nateete, kazi yangu iko uwanja wa ndege, upande wa mizigo. Trakta ikija na mikokoteni ya masanduku, mimi ndiye naiongoza kwa ishara za mikono mpaka ubavuni mwa ndege.

Siku hiyo tuliingia zamu ya mchana. Wa asubuhi walikuwa mbio kuwahi gari la staff.

Dereva wao ni Hajji Swaibu, mzee wa Kinubi, mpole sana. Wetu ni Furaha, dada wa Goma, anayetushinda sote hapa kwa Kiswahili.

Wakafanya handover kando ya jenereta inayounguruma. Nilisikia yote.

"Dada, hii trakta haina breki tangu asubuhi," Hajji akasema.

"Bambi! Pole sana Hajji. Nenda upumzike."

Hajji akashukuru, akaondoka na moyo mweupe.

Sasa kwa msiojua, huku kwetu ya gari ni breki, na ya kwenda kunywa chai nayo ni breki. Furaha alielewa kwamba wamechapa kazi bila kupumzika. Hata mimi nilimhurumia mzee.

Hajji alikuwa ameweka jiwe chini ya tairi. Furaha akaliona, akalitoa. Sheria inakataza mawe karibu na ndege. Safety first, wakuu!

Akaja, mikokoteni imejaa. Nikainua mikono asimame.

Naye akaanza kunipungia kama anafukuza nzi.

"Toka kaka! Haishiki! Toka!"

Nyuma yangu ni tumbo la ndege, na abiria wameshaanza kupanda. Miguu ikagoma.

Furaha akakata usukani kwa nguvu zote. Trakta ikapita imenichania mfuko wa koti, ikajikita kwenye vizuizi vya plastiki vyenye maji. Mkokoteni ukalala, sanduku la mtu likapasuka, mukene wakavu wa Ggaba, dagaa wetu wa ziwani, wakatapakaa kila mahali.

Ndege haikuguswa. Furaha akashuka, akakaa kwenye maji yaliyomwagika kutoka kwenye vizuizi, akanishika mguu. "Kaka, uko mzima?"

Nilikuwa mzima, ila mikono bado iko juu.

Bosi akampigia Hajji, simu akaiweka loudspeaker.

"Nilimwambia haina breki!"

"Akajibu nini?"

"Akanipa pole."

Furaha akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli, nilimpa."

Hakuna aliyedanganya. Ndilo lililonitisha zaidi.

Siku hizi Furaha hagusi ufunguo mpaka Hajji aendeshe trakta na kuisimamisha mbele ya macho yake. Mzee analalamika kuchelewa gari, lakini anafanya.

Nilichojifunza: ukikabidhiwa kazi, rudia ulichoelewa kwa maneno yako mwenyewe. Pole itafuata baadaye.

Wakubwa nao hawakulala. Waliitisha semina kubwa ya mawasiliano kati ya zamu na zamu, mtaalamu akaja, soda zikanywewa. Iliwekwa asubuhi. Sisi wa mchana tukaambiwa wenzetu watatueleza.

Basi leteni ya kazini kwenu. Na kama humu kuna wa zamu ya asubuhi, ndugu, tafadhali: semina ilisema nini?