Alasiri Vinu Viliponyamaza

Nyie vijana mtakaosoma haya, msicheke kabla sijamaliza. Juzi mjukuu wangu alitundika magodoro ukutani, chumba cha uani hapa Katandala, arekodi nyimbo za wenzake. Jirani akaniuliza, "Bibi, huyu bado anakojoa kitandani?"

Nikamkumbuka baba mdogo. Alikuwa na redio ya kurekodi, akiwarekodi akina mama wakiimba Kifipa, kanda anauza mwenyewe sokoni. Babu alimwambia kila siku, "Shika jembe, wewe."

Alasiri moja baba mdogo alisimamisha vinu vyote uani ili arekodi, akafunika kuku kwa tenga. Ikabaki harufu ya ulezi mbichi na upepo. Mimi, mtoto mdogo, nilijua vinu hunyamaza kwenye msiba tu, basi shangazi aliposimama katikati kuimba, nikadhani ndiye tunayemuaga. Nikaangua kilio.

Betri zilikuwa zinakufa, kurudia hakuweza. Kanda ikaenda sokoni na kilio changu ndani. Watu wakaigombania, wakisema, "Huyu mama analiza mpaka watoto." Babu hakutaja jembe tena.

Kwa hiyo nyumbani nimeshasema: mjukuu wangu akifunga mlango, hakuna kutwanga. Ila mtoto akilia, mwacheni alie.