Bustani Iliyolimwa kwa Simu

Laetitia alisomea kilimo huko Bukavu, akaja Durban na diploma yake ya agronome ndani ya bahasha. Kazi aliyoipata ni kufunga sabuni kwenye maboksi katika kiwanda kimoja cha eneo la Jacobs. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Anasimama saa tisa kwa siku, kisha anapanda taxi kurudi Point, ambako chumba chake kiko ghorofa ya nne na lifti ilishakufa zamani.

Baba yake, mzee Ladislaus, hakuwahi kulimeza jambo hilo. "Nilisomesha agronome, nikapata mfunga sabuni," alimwambia siku moja kwenye simu. Tangu hapo salamu zake zilipitia kwa Grâce, mdogo wake Laetitia, aliyebaki naye nyumbani.

Vita vilipoingia Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, Grâce alimpigia dada yake simu akilia. Hakulilia risasi.

"Yaya, mboga haiko. Malori ya Kabare hayashuki tena. Siku nne tunakula bugali na chumvi."

Laetitia alikuwa ameketi kitandani, viatu bado miguuni. "Vunjeni sementi ya uani, mlime."

"Papa atakubali? Aliimwaga mwenyewe ile."

"Mwambie ni mimi nimesema."

Mzee alikataa siku mbili. Siku ya tatu alichukua nyundo akaivunja sementi kwa mkono wake.

Kuanzia hapo Laetitia akawa na zamu ya pili. Kila akitoka kiwandani alikuta sauti alizorekodi Grâce zinamngoja kwenye simu: udongo ni mgumu, waufanye nini, maji ya kuoshea vyombo yanafaa, majivu kiasi gani. Alijibu ndani ya taxi, usingizi ukimvuta. Lengalenga, yaani mchicha, zikachipua siku ya tano, na baada ya wiki nne wakachuma sufuria ya kwanza. Majirani walipouliza, Grâce aliwarushia sauti za majibu ya dada yake, nao wakazirusha kwa wengine. Wanawake ambao Laetitia hakuwahi kuwaona wakaanza kumwuliza habari za viwavi na mbolea. Aliwajibu karibu wote. Jumapili aliacha kwenda kanisani, akalala.

Kisha rezo, mtandao wa simu, ikakatika siku tisa. Iliporudi, ujumbe wa kwanza ulikuwa sauti ya mwanamume.

"Agronome," alisema mzee Ladislaus, akakohoa. "Wenye bunduki waliingia uani. Waling'oa mboga zote, na mizizi yake. Grâce ni mzima, alijificha kwa jirani. Sasa tupande nini ambacho hawatakiona?"

Laetitia aliisikiliza akiwa amesimama kwenye robot, taa za barabarani, akingoja kuvuka. Taa ikabadilika, watu wakapita, yeye akabaki palepale. Alitaka kufurahi kwamba baba amemwita agronome. Furaha haikuja. Alichohisi ni uzito mabegani, kana kwamba maboksi yote ya siku ile yamerudishwa kwenye meza yake.

"Eish, papa," alijibu. "Pandeni viazi vitamu kando ya ukuta, vitambae ovyo kama kichaka. Msipange mistari, maana mistari ndiyo inayoonyesha kwamba hapa kuna bustani. Majani mtachuma kidogo kidogo, na viazi viko chini, nani ataviona? Lengalenga wekeni chache kwenye beseni bovu, nyuma ya choo."

Wakafanya hivyo. Wenye bunduki walirudi mara mbili, wakatazama yale majani, wakaenda zao. Mwezi wa nane familia ilikula viazi vya kwanza.

Vita havijaisha. Mzee hupiga simu mwenyewe siku hizi, kila Jumamosi, akauliza habari za mimea tu. Kuhusu kiwanda haulizi, wala Laetitia hasemi. Mara nyingine binti husinzia baba akiwa katikati ya swali. Akishtuka, humkuta bado anaeleza rangi ya majani, naye huitikia, "Ndiyo, papa," kisha humwomba arudie.