Mtani na Mkono wa Bibi

Bibi yangu hakupenda vya bure. Baba yake alikuwa mpagazi wa misafara, akibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, naye alimfundisha kwamba anayekupa bure utamlipa njiani. Kwa hiyo enzi zile za Ujamaa, Bwana Afya alipokuja kijijini kwetu Itetemia kuchanja watu ndui bure, wazee kwa watoto, Bibi alijifungia ndani.

Nilikuwa na mtoto mgongoni na hasira kooni. Ndui ndiyo iliyomchukua dada yake, naye alitusimulia habari hiyo kila kipupwe, halafu leo anaikataa kinga! Niliogopa itamchukua na yeye.

"Ni Mnyamwezi?" Bwana Afya aliuliza.

"Mnyamwezi hasa."

Akacheka. Yeye alikuwa Mzaramo wa pwani, na makabila hayo mawili ni watani tangu siku za misafara. Akausogelea mlango.

"Shikamoo, mtani! Tafadhali usitoke. Ufe upesi, nije msibani kuigiza unavyotembea, kisha nimalize michembe yako yote."

Utani una sheria zake. Mtani akikutania hukasiriki, na msibani ndiye mwenye ruhusa ya kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke kidogo. Bibi alijua jamaa hatanii bure: akifa, atakuja kweli, na michembe ataimaliza.

Mlango ukafunguka. "Mla nazi wewe! Viazi vyangu nimekausha mwenyewe, huvipati." Akanyoosha mkono, uso akaugeuzia ukutani asione sindano.

Tangu siku hiyo, kila akipita, Bwana Afya alisimama kwetu kuuliza kama Bibi bado hajafa. Bibi alimpa maji, na michembe akasema imeisha. Ndui haikutugusa. Miaka mingi baadaye Bibi aliondoka kwa uzee tu, mchana, baada ya kula na kushiba.

Bwana Afya alikuja kwa baiskeli. Akasimama uani, akachechemea kama Bibi, akapaza sauti ileile ya Bibi: "Mla nazi wewe!" Tulicheka na macho yetu yamevimba. Kisha akanyoosha mkono, akageuza uso ukutani.

Mabega yake yakatikisika. Tukadhani anacheka, tukaendelea kucheka naye, mpaka nikaona hageuki.

Nikaingia ndani, nikachota michembe kwenye chungu cha Bibi, nikamshikisha bakuli.

"Pokea, mtani," nilimwambia. "Amekuachia."