Udongo wa Juu wa Shangazi

Nisije nikaitwa msengenyaji, nianze na langu: ripoti ile niliichapa mimi, na nilijua ni ya uongo. Mwenye ripoti alikuwa mpima wetu pale kwenye machimbo ya kokoto, mtu tuliyemwita Rula, kwa sababu hata chai aliikoroga kwa rula ya chuma kijiko kikikosekana. Tulikaa chumba kimoja miaka tisa, meza yangu mlangoni, yake dirishani, na vumbi la mawe juu ya zote mbili.

Kazi yake ilikuwa kuandaa mpango wa uchimbaji: wapi palipuliwe mwaka huu, malori yapite wapi, na shimo likishachoka, ardhi irudishwe vipi ili watu walime tena. Bila sehemu hiyo ya mwisho ofisi ya mazingira haitoi kibali. Wapima wengine huiandika kama mtu anayeaga wageni asiowapenda, maneno mawili matatu basi. Rula aliiandika kwa moyo, kwa kuwa eneo la kwanza kuchimbwa lilikuwa shamba la shangazi yake.

Shangazi huyo ndiye aliyemlea. Alikataa kulitoa shamba mpaka Rula alipomchorea picha kwa penseli za rangi: miteremko ya kijani, mifereji ya maji, mahindi yamesimama mistari. Bibi wa watu akaitazama, akauliza swali moja tu.

"Na udongo wangu?"

"Udongo wa juu tunaukwangua kwanza, shangazi, tunauweka kando. Tukimaliza kuchimba unarudi ulikotoka. Nimeuandika."

Kwa mama yule, kilichoandikwa na mtoto wake kilikuwa kweli. Akaweka dole gumba.

Na kweli udongo ulikwanguliwa, mweusi, laini, ukarundikwa kando na kupandwa majani usichukuliwe na mvua. Mwaka wa tatu akaja mkaguzi, akakuta ukingo wa shimo uko wazi, akatupa siku saba: jengeni tuta la usalama, la sivyo nafunga. Rula akapagawa. Akamwambia dereva wa buldoza ajenge tuta kwa udongo wowote ulio karibu, naye akajifungia ofisini kulichora tuta hilo kwenye ramani, kimo na upana, mita kwa mita. Karatasini lilipendeza sana.

Siku ya sita alipotoka kwenda kulipima ndipo alipoona rangi yake. Dereva hakuwa na kosa. Udongo ulio karibu ulikuwa ule mweusi wa shangazi, na sasa ulikuwa umechanganywa na vipande vya mwamba na kushindiliwa na magurudumu. Kwa kutii agizo moja la ofisi, Rula alikuwa amevunja jingine. Mvua za mwaka ule zikamaliza kazi, nusu ya tuta ikaporomokea shimoni.

Angesema siku ile ingekuwa kosa la kazi, na nani hakosei. Hakusema. Alichukua lundo la kifusi, ule udongo mwekundu wa chini kabisa usiootesha kitu cha maana, akaagiza lisawazishwe na kupandwa majani, kisha kwenye ripoti akaandika, "Udongo wa juu: umehifadhiwa." Nilipofika hapo vidole vikasita. Nikamtazama, naye akatazama dirisha. Nikachapa. Mficha uchi hazai, na sisi tulikuwa wawili wa kuuficha.

Miaka mitano tuliandika hivyo hivyo. Shangazi akimuuliza, "Udongo wangu mzima?" anajibu, "Mzima." Akaanza kukwepa kula kwake, akisingizia kazi. Aliniambia siku moja kwamba tonge la yule mama lilikuwa halimpiti kooni. Mimi nikajifanya natafuta faili.

Basi eneo lile likaisha mawe, ikawa zamu ya kulirudisha. Mkaguzi mwingine akaja, dada mmoja mpole mwenye buti za mpira, na sheria ilitaka mwenye shamba awepo akubali kwa mdomo wake. Shangazi alikuja na nguo zake za kutokea, jembe begani. Alikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kupokea mgeni wa siku nyingi.

Akalipiga lile lundo jembe moja. Akainama, akachota udongo, akausugua kiganjani, akaunusa. Kisha akamtazama Rula, aliyekuwa amesimama na ramani yake mkononi. Rula akainamisha kichwa.

"Mama, huu ndio udongo wa shamba lako?" mkaguzi akauliza.

"Ndio huu."

"Una uhakika? Mbona mwekundu hivi?"

"Mwanangu, shamba lile nimelilima miaka arobaini. Ndio huu."

Dada yule akaanza kuandika. Tulikuwa tumepona, na sijawahi kuona haya kama nilivyoona dakika ile. Ningepata shimo ningeingia, na mashimo pale hayakuwa haba.

"Sio huu," Rula akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye homa. "Udongo wake niliutumia kujengea tuta. Hiki ni kifusi. Ripoti zote tano ni za uongo, na ni zangu."

Hapo nilipaswa kuongeza kwamba ni zetu. Nilitazama viatu vyangu.

Mkaguzi akafunga daftari, akamgeukia shangazi. "Sasa mama, mbona ulisema ndio?"

"Ulitaka nimuumbue mtoto wangu mbele za watu?"

Mkaguzi alisimamisha kibali palepale, akaamuru kampuni ilete udongo wenye rutuba kutoka kwingine na kuandaa mpango mpya, wa mpima mwingine. Rula alizipokea amri zote akiitikia kwa kichwa. Nadhani hata angeambiwa aubebe udongo huo kwa ndoo angekubali.

Tukamsindikiza shangazi hadi getini. Rula akanyoosha mkono.

"Nipe jembe nikubebee, shangazi."

"Liache." Mama akasimama kupumua. Hakuwa amekasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Udongo nitaulilia kidogo, yataisha. Lakini uzee wote huu, baba, sijawahi kumdanganya mtu wa serikali. Leo nimedanganya, na wewe ulikuwa umesimama palepale. Ungesema kabla sijaulizwa."

Shangazi akaliweka jembe vizuri begani na kushika njia ya kwake, peke yake.