Moyo Wangu Kwenye Simu ya Madam

Madam alinivalisha saa yake Jumatatu moja asubuhi, nikiwa nimepiga magoti kwenye ngazi za ghorofa ya pili, nikisugua. Alisimama juu yangu, akaivua mkononi mwake na kunipa.

"Mama, nisaidie kitu kidogo. Vaa hii ukifanya kazi. Jioni unirudishie."

Nilidhani imeharibika, anataka niipeleke kwa fundi. Akacheka. Akanieleza kwamba ofisi ilikuwa imeanzisha mashindano ya kutembea ya mwezi mzima. Kila mfanyakazi angehesabiwa hatua zake, na mshindi angepelekwa Mombasa kupumzika, yeye na mwenzake mmoja. Sasa yeye alikuwa na mikutano kutwa nzima. Angetembea saa ngapi?

"Lakini wewe unatembea tu," akasema.

Jengo lile lilikuwa ukingoni mwa Kibera, la ghorofa tatu, ofisi ya shirika la kuwasaidia akina mama. Mimi niliajiriwa na kampuni ya usafi, kwa hivyo katika mashindano yale sikuwa mfanyakazi. Nilifagia, nikapiga deki, nikasafisha vyoo, nikapika chai ya watu wote, na mifereji ilipokauka nilipandisha maji kwa ndoo kutoka tangi la nyuma hadi juu kabisa. Huko ndiko kutembea tu.

Ilikuwa saa nzuri, sitadanganya. Ukiitazama haraka ungesema ni saa ya kawaida, ya mishale, kama ile ambayo mwalimu wetu wa hesabu kule Kitui alikuwa akiivaa. Uso mweupe, mkanda wa ngozi, hakuna kioo cha kuwakawaka. Chini kabisa kulikuwa na kiduara chenye mshale mwembamba, nao ulipanda kadiri nilivyotembea. Mambo mengine yote, hatua zenyewe, usingizi, mapigo ya moyo, yalikwenda moja kwa moja kwenye simu ya Madam. Mimi niliona mshale.

Siku za kwanza nilifurahia. Kabla ya chai ya saa nne mshale ulikuwa umeshafika mwisho na kuanza kuzunguka upya. Mwenzangu wa usafi alinitania kwamba nimepata uhusiano na Mombasa. Wiki ya pili Madam aliniambia nisiwe naivua jioni.

"Si wewe huenda nyumbani kwa miguu? Kaa nayo tu. Hata ukilala, kaa nayo, isije ikapotea."

Naam, nilikuwa nikienda kwa miguu. Nilipita soko la mitumba la Toi, nikashika Ngong Road hadi Kona, kisha Naivasha Road mpaka Kawangware 46 ninakoishi na mume wangu na watoto. Nilitembea kwa sababu nauli ilikuwa ni unga, wala sikuwa na haja ya mazoezi. Na miezi ile nilikuwa natembea kwa shida. Nilikuwa nimekonda mpaka sketi zangu zilifungwa kwa pini. Mikono ilitetemeka nikimimina chai. Nilikuwa nikitoka jasho wakati wenzangu wamevaa sweta, na nikikaa chini moyo ulinipiga kooni kana kwamba nimefukuzwa na mbwa. Majirani wa ploti tuliyopanga walishaanza kunong'ona kunihusu, na mume wangu, ambaye ni fundi wa mawe, alikuwa ameacha kuuliza. Nilienda kliniki moja kule Riruta mara mbili. Nilipimwa presha, nikaambiwa ni mawazo, nipumzike, nifanye mazoezi.

Madam naye aliniona nikikonda. "Umependeza," aliniambia. "Unaona faida ya saa?"

Wiki ya tatu hakuja kazini siku mbili. Siku ya tatu alifika akiwa mchangamfu, akanikuta napanguza meza ya mapokezi.

"Mama, wewe ulitaka kuniua na stress," akasema. "Simu iliniandikia kwamba moyo wangu unapiga vibaya, hata nikiwa nimelala. Usiku baada ya usiku. Nikaogopa, nikaenda kwa daktari wa moyo. Nikabandikwa nyaya kifua kizima. Akaniambia moyo wangu ni kama wa msichana wa miaka ishirini. Ndiyo nikakumbuka, kumbe ni wewe ulikuwa unalala nayo."

Akacheka sana. Msichana wa mapokezi akacheka. Nadhani hata mimi nilicheka kidogo, kwa sababu mkubwa akicheka nawe hucheka. Kisha akaingia ofisini kwake, nami nikachukua ndoo yangu.

Nilikuwa nimefika ghorofa ya tatu maneno yale yaliponiingia. Niliiweka ndoo chini. Moyo uliosemwa ni mbaya ulikuwa wangu. Ulipelekwa kwa daktari mkubwa, na bima ikalipa, mimi nikiwa hapa nasugua choo. Daktari akautafuta kwenye kifua ambacho haukuwamo, na alipoukosa, watu walifurahi wakarudi kazini. Hakuna aliyejiuliza basi huo moyo mbaya uko wapi sasa hivi.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata mlangoni.

"Madam, hiyo simu ilisema nini hasa kuhusu moyo?"

"Aa, hiyo nilifuta," alisema akitafuta funguo. "Usijali. Hizi saa husumbua tu."

Hasira niliyoipata siku ile sijui niilinganishe na nini. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikaa kifuani kama mwiba wa samaki, na kila nilipoutazama ule mshale mwembamba ukipanda, ilisogea. Lakini niliendelea kuivaa. Naomba nieleweke hapo: niliendelea. Kampuni ya usafi hubadilisha watu kama inavyobadilisha mopu, na nilikuwa na watoto wawili shule.

Mwisho wa mwezi kulikuwa na keki. Madam alishinda. Wote walikusanyika kwenye ukumbi wa mikutano, mimi nikiwa nyuma na birika, naye akasimama kutoa neno.

"Ni kujituma tu," alisema. "Niliamua kwamba sitatumia kisingizio cha kazi. Nilipanda ngazi. Nilitembea. Na hilo ndilo ninalotaka tuwafundishe akina mama tunaowahudumia hapa Kibera. Afya haihitaji pesa. Shida yetu mara nyingi ni uvivu."

Wakapiga makofi. Birika lilikuwa linatetemeka mkononi mwangu, na safari hii sijui kama ni ugonjwa. Mwenzangu aliniangalia, akaangalia sakafu. Baadaye Madam alinipitia jikoni na kipande cha keki ndani ya sevieti, akaichukua saa yake, akaniambia asante kwa kumsaidia. Kile kipande nilikitia kwenye ndoo ya taka mbele yake. Alidhani kimeniponyoka, akasema atanitafutia kingine.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Toi. Zamu yangu ya kupokea mchango wa chama ilikuwa imefika na pesa hiyo ilikuwa ya godoro. Sikumwambia mume wangu. Kuna mtu pale aliyeuza saa na chaja kwenye kibanda kati ya viatu na mikoba, mwanamume wa makamo aliyekuwa anavaa miwani miwili kwa wakati mmoja.

"Sasa mum. Unatafutia kijana?"

"Natafuta yangu. Ya kupima moyo."

Alinitolea mkanda wa mpira wenye kioo kidogo, kisha saa kubwa nyeusi iliyowaka rangi zote. "Hii inashika WhatsApp, inapokea simu, inapiga picha," alisema.

"Chaji inakaa siku ngapi?"

"Moja. Mbili ukiwa na bahati."

Kwenye ploti yetu stima hupotea siku tatu bila kuaga. Na kioo kinachowaka mkononi mwa mwanamke anayetembea Naivasha Road jioni ni kumwita mwizi kwa jina. Nikamwuliza kama ana ile ya mishale, yenye kiduara chini. Akanitazama upya, akainama, akaitoa kwenye boksi chini ya meza. Haikuwa kama ya Madam. Uso wake ulikuwa wa kijivu, kioo kina mkwaruzo, mkanda umechakaa.

"Hizi watu hawazitaki, wanasema ni za wazee," alisema. "Lakini ukichaji leo unasahau, inakaa hata wiki tatu. Na moyo inapima, angalia hapa nyuma." Aliigeuza. Mwanga wa kijani ukapepesa kwenye kiganja chake.

"Na hizo habari zitaenda kwa simu ya nani?"

Alivua miwani moja. "Yako, mum. Ya nani tena?"

Nikamwambia afute mambo yote ya mwenyewe wa kwanza, aiunganishe na simu yangu nikiwa naona. Alichukua muda, maana simu yangu ni ya zamani na ilibidi nifute picha nyingi ipate nafasi. Nilizifuta.

Niliivaa siku kumi. Kazini hakuna aliyeitambua. Kwao ilikuwa saa ya mama wa usafi. Nilijifunza kuifungua simu na kusoma ule mstari mwekundu. Nilipopandisha maji ulipanda, hilo nililitarajia. Lakini Jumapili nikiwa kanisani, nimekaa kwenye benchi, mahubiri yakiwa polepole na watoto wamesinzia, nilitazama simu nikaona moyo wangu unakimbia kuliko ulivyokimbia kwenye ngazi. Nilikaa pale nikiangalia namba, mchungaji akiongea juu ya amani.

Jumatatu nilirudi kliniki ya Riruta kabla ya kazi. Daktari alikuwa yule yule. Hata kabla sijakaa aliniuliza kama nimepunguza mawazo. Nikampa simu.

"Mama, hizi saa za mtumba haziaminiki," alisema bila kuishika.

"Basi weka mkono wako," nikamwambia, nikalaza mkono wangu mezani kwake na kuuacha pale.

Nadhani aliweka vidole ili niondoke. Alitazama saa ya ukutani. Akahesabu tena tangu mwanzo. Kisha akaniambia ninyooshe mikono yote miwili mbele, akaona inavyotetemeka, akanishika shingo hapa mbele na kuniambia nimeze mate. Aliniandikia barua ya hospitali kubwa siku hiyo hiyo.

Ilikuwa tezi ya shingo, imefanya kazi kupita kiasi na kuuchosha moyo. Daktari wa kule aliniambia ni ugonjwa wa kutibika kwa vidonge, lakini ningekaa nao zaidi, moyo ungeanza kushindwa. Aliniuliza nilianza lini kuona dalili. Nilimwambia ni miezi kadhaa, ila kuna mtu aliyeuona moyo wangu ukipiga vibaya kabla yangu. Hakuelewa, nami sikuweza kueleza bila kulia.

Nilipopona kiasi cha kurudi kazini, Madam alinijia tena ngazini na saa yake mkononi.

"Mama, tumeanza upya. Safari hii ni vikundi, na kikundi changu—"

"Hapana, Madam."

Alidhani hajasikia vizuri. Nikasimama, maana nilikuwa nimechoka kuongea naye nikiwa magotini.

"Ule moyo ulioandikwa kwenye simu yako ni mgonjwa. Nimepimwa. Nakunywa dawa."

Aliweka mkono mdomoni. "Pole sana. Jamani. Si ungeniambia?"

"Simu ilikuambia wewe."

"Lakini mimi sikujua kwamba—"

"Ulijua. Ulinisimulia ukicheka, halafu ukafuta."

Aligeuka kuangalia kama kuna mtu ghorofa ya juu. "Tafadhali usinipandishie sauti," alisema. Sauti yangu ilikuwa chini kuliko yake. Nilichukua mopu nikaendelea, naye akapita akiruka sehemu zenye maji.

Wiki ile ile supavaiza wa kampuni aliniita. Mteja alikuwa amelalamika kwamba nimekuwa na madharau. Nilihamishiwa kwenye shule moja huko Riruta, adhabu ambayo bila wao kujua ilinipunguzia nusu ya mwendo.

Nilidhani nyumbani watanielewa. Mume wangu alisikiliza yote, akala, akanawa mikono, halafu akasema, "Lakini mama watoto, ukifikiria vizuri, saa yake ndiyo iliyokuokoa. Ungempigia tu simu umshukuru."

Sikuongea naye siku mbili. Kanisani nako akina mama walikuwa wamesikia, na mama mchungaji akaniomba nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyomtumia mwajiri wangu. Nikasimama. Nikawaeleza tangu ngazi ya ghorofa ya pili mpaka pale, nikawaeleza na kile kicheko, na makofi, na neno uvivu. Wachache walisema amina mahali ambapo hapakuwa na amina. Mama mchungaji akasema tuombe roho ya msamaha.

"Ombeni," nikamwambia. "Mimi bado."

Tukitoka, mume wangu alikuwa amekasirika. Tulipokaribia ploti akanigeukia.

"Watu watasema una roho mbaya."

"Waseme."

"Na alicheka kweli? Hukuniambia alicheka."

"Alicheka mpaka akashika meza. Na msichana wa mapokezi akacheka naye."

Akasimama katikati ya njia, mtu wa mkokoteni akatupigia mluzi tumpishe. Tukasogea ukutani. Mume wangu hakusema tena habari za kushukuru, siku ile wala baadaye. Aliniuliza tu ofisi ya Madam iko upande gani wa lile jengo, nami nikamwambia hilo aliache.