Mafiga Niliyoyatoa Ukutani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambayo ningefurahi sana kama ningeweza kuisahau. Umenipitia hapa Louisville, mtaa wa Iroquois, kuniaga, hema liko garini, mnaenda New Mexico kuona nchi ya volkano na magofu ya Wapueblo wa kale, wenyeji wa nchi ile. Vizuri. Keti kidogo. Njia hiyo naijua, na niliacha aibu huko.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Kiingereza changu kilikuwa kimenipanda kichwani. Mama Mkubwa Esteri, dada ya mama yangu, ndiye aliyenilea. Alikuwa anafanya kazi kiwandani Tonawanda, karibu na Buffalo, na alipopata likizo yake ya kwanza akataka kuona nchi. Binamu yangu Ruben akaenda kumchukua, wakalala kwake Columbus, kisha wakanipitia Louisville, tukashika barabara ya magharibi. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kupakia jiko la gesi.

Siku ya tatu tukaingia kwenye nchi nyeusi. Mawe yaliyowahi kuwa moto yametapakaa hadi macho yanachoka, makali, yana matundu kama mkate. Mama Mkubwa aliyagusa, akasema yanafanana na ya Goma, tulikopita tukikimbia vita. Alasiri tukapiga hema mahali pa wazi. Ruben akafungua buti, akaniuliza jiko liko wapi. Jiko lilikuwa limebaki kwenye ngazi za nyumba yangu.

Ningesema tu kwamba nimesahau. Tungekula mkate na ingekuwa basi. Lakini njia nzima nilikuwa nimejisifu kwamba bila mimi hawafiki popote, kwa hiyo nikasema jiko la nini, sisi ni watu wa mafiga. Nikazunguka kilima, nikakuta ukuta wa magofu unaofika kiunoni, na mbele yake kibao. Nilikisoma, mwanangu. Asije mtu akakwambia sikukisoma. Kilikataza kugusa. Nikang'oa mawe matatu ya juu, nikarudi kifua mbele.

"Ile majiwe umeitosha wapi?" Mama Mkubwa akauliza nilikoyatoa.

"Yalikuwa yamelala tu pale."

Akayapanga, akawasha kuni, akapika bugali na ndagala, dagaa wa kwetu. Tulikula tukashiba.

Asubuhi, Ruben akiwa ameenda kuteka maji, akaja mlinzi wa magofu, mama wa makamo, Mpueblo mwenyewe. Aliyatazama mawe yaliyojaa masizi, akaenda hadi ukutani, akarudi polepole. Hakupiga kelele. Alisema ile ni nyumba ya bibi zao, na bado wanakuja kuwasalimu. Kisha akauliza ni nani aliyefanya hivi.

Nilielewa kila neno na nikanyamaza.

Mama Mkubwa hakuelewa maneno, lakini alikuwa amemfuata kwa macho mpaka kwenye pengo la ukuta. Alinitazama kidogo tu. Kisha akanyanyua mkono, na kwa Kiingereza chake cha kiwandani akasema yeye ndiye aliyepika. Na kweli, alipika yeye.

Mlinzi akamwandikia Mama Mkubwa kosa, kwa jina lake. Ilikuwa imebaki miezi miwili apeleke fomu za uraia, na katika siku hizo alikuwa anaogopa hata kuvuka barabara, asije akaandikiwa kosa lolote. Akanigeukia.

"Bon, umwambie naomba pardon kwake na kwa bale bakubwa wake. Umwambie vizuri."

Nikatafsiri. Msamaha niliopaswa kuuomba mimi niliutamka kwa mdomo wangu, nikisema ni wake.

Garini Mama Mkubwa akatazama nje. "Nyumba yetu kule milimani," akasema, "ile ya matofali. Tulikimbia, nikarudi kisha ya mwaka moja. Nikakuta mama moja anapikia juu ya matofali yetu tatu. Nilijua rangi yake. Sikumwambia kitu."

Fomu zake za uraia nilizijaza mimi, kwa mkono huu, yeye akinijibu kwa simu. Tulipofika kwenye swali la kama amewahi kuandikiwa kosa, akasema, "Andika." Nikaandika kosa langu chini ya jina lake. Wiki nyingi alingoja kwa hofu kwamba watamkatalia. Walimkubalia, ashukuriwe Mungu, na mimi bado nilikuwa nimenyamaza. Ilinichukua miaka minne kupanda basi kwenda Buffalo, nikamwambia yote kwenye kochi lake, nikilia kama mtoto.

"Nilijuaga," akasema. "Nilikuwa nakungoja tu."

Miaka minne alikuwa ananingoja! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata mawe.

Kwa hiyo, mwanangu, kitu cha watu usikiguse, hata kama wenyewe huwaoni. Ukisahau jiko, sema nimesahau. Na mtu akiuliza ni nani, jibu wewe, upesi, kabla hajajibu yule anayekupenda.

Mungu akutangulie barabarani, akulaze salama, na kila mahali utakapong'oa hema wenyeji wapakute kama walivyopaacha. Nilitaka kukutuma uniombee msamaha pale kwenye ule ukuta. Hapana. Hapo nitakwenda mwenyewe.