Laptop ya Gemu na Ng'ombe wa Mtaroni

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Ijumaa. Winifrida Sikazwe amesimama nje ya chumba chake, Katandala, mjini Sumbawanga. Ameshika kitenge kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kupokea mtoto. Anasubiri jua.

Dirishani, juu ya matofali mawili, ipo laptop yake ya zamani. Ameielekeza kwenye upepo. Baridi ya Ufipa ambayo wenzake wanaikimbia kwa masweta, kwake ndiyo feni. Tangu jana saa moja jioni mashine inarenda, yaani inaunganisha vipande vya video ya harusi viwe kitu kimoja. Jua likigonga dirisha kabla haijamaliza, inapata moto na kuzima.

"Themanini na nane," anasoma kwenye kioo. "Themanini na tisa. Twende mama, twende."

Jua linachomoza. Anatundika kitenge dirishani haraka, kulikinga. Kwenye asilimia tisini na moja laptop inakoroma, inanyamaza, kioo kinakuwa cheusi.

Winifrida anakunja kitenge mara nne, anakiweka begani, anaenda kuosha vyombo.

"Hiyo ni mara ya tatu kwa harusi hiyohiyo," anasema mikono ikiwa kwenye povu. "Na bwana harusi ananipigia, anasema, dada, si unabonyeza tu?"

Ana miaka ishirini na minane. Alitoka kwao Mpui miaka tisa iliyopita, akaanza kwa kumshikia taa mpiga picha wa harusi. Sasa anakata video mwenyewe: harusi, sendofu za kumuaga bibi harusi, kipaimara. Kazi moja ni shilingi laki moja na nusu, akilipwa.

"Wengine wanakuja kulipa ndoa ishapata mtoto," anasema. "Na wengine ndoa ishavunjika, video hawaitaki tena."

Mwezi wa tisa alipata kazi kubwa kuliko zote. Mzee Cleophas, mwenyekiti wa kwaya moja kule Kate, alimletea nyimbo kumi zilizopigwa kwa kamera nzuri, ziwe tayari kabla ya Krismasi. Malipo ni milioni moja na laki mbili. Laptop yake haikuweza hata kuzicheza vizuri. Picha zilikuwa zinaruka, wanakwaya wanafumba midomo wimbo ukiwa bado unaendelea.

Ndipo akaenda katikati ya mji kwa Gabriel, anayeuza kompyuta.

"Kazi yako inataka hii," Gabriel alimwambia, akamwonyesha laptop nyeusi yenye taa nyekundu chini ya vitufe. "Ila ni ya gemu, dada. Wenye nayo huko Dar wanachezea vita."

"Bei?"

"Milioni tatu na laki sita."

"Mtu anatoa milioni tatu na laki sita ili apige risasi za uongo?"

"Na anauawa humohumo, anafufuka, anaendelea."

Winifrida alikuwa na harusi nyingine ya nyuma kwenye flashi. Akamwomba aijaribu. Kazi inayomchukua usiku kucha, ile mashine ikaimaliza kwa dakika thelathini na nne. Hata soda aliyopewa hakuwa ameimaliza.

"Nililia palepale dukani," anasema. "Gabriel alidhani nimefurahi. Nilikuwa nakumbuka usiku wote niliokesha, kumbe kuna mtoto mahali anayo mashine hii, anaifanyia mchezo."

Akiba yake ya miaka mitatu ilikuwa milioni mbili na laki mbili. Akamwandikia baba yake, Mzee Polikarp, ujumbe wa simu: amuuzie ng'ombe mmoja wa jembe kati ya wawili.

Baba yake si mtu wa maneno. Ujumbe wowote anaujibu kwa neno moja, na hachukui dakika. Siku hiyo pia alijibu: "Sawa."

Kisha, jambo ambalo Winifrida analikumbuka kila akilala, baba akauliza: yupi? Naye akajibu: "Uza yule mnene, atatoa hela nzuri."

Mnene ni Shauri. Ndiye aliyekuwa akitembea kulia, ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, akimwongoza mwenzake. Aliyebaki, Sukari, tangu afungwe nira anatembea kushoto, kwenye ardhi ngumu. Ng'ombe wa kushoto akipoteza wa mtaroni, hajui pa kwenda.

Shauri alitoa milioni moja na laki nne. Alinunuliwa na mchinjaji.

Mvua ya kwanza iliponyesha, kaka yake, Loth, alimfunga Sukari na ng'ombe wa jirani. Jioni akapiga simu.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Sukari leo kamsukuma mwenzake mpaka kwenye shamba la watu. Mtaro umepinda kama nyoka, watoto wanacheka. Hivi wewe ni Mfipa wa wapi? Unauzaje ng'ombe wa mtaroni?"

"Nilisahau, kaka."

"Ulisahau! Nira haina kitufe cha kubonyeza, dada."

Huko Mpui, Mzee Polikarp anavunja kwa jembe la mkono matuta aliyofukia nyasi mwezi wa tatu ili zioze ziwe mbolea. Ana miaka sitini na minne. Kwa mwaka wa kawaida angekuwa amepanda mahindi tayari. Sasa amemaliza robo ya shamba.

"Mtoto aliomba," anasema, bila kusimamisha jembe. "Mgongo ndio unaolalamika. Mimi silalamiki."

Akiulizwa kama kompyuta inastahili bei hiyo, anafuta jasho. "Mimi naijua bei ya ng'ombe."

Hela bado iko kwenye simu ya Winifrida, yote. Tangu Loth apige simu, wiki mbili sasa, anaizunguka. Akinunua ng'ombe, mgeni huyo hatajifunza mtaro mpaka msimu ujao, na kwaya itampa mtu wa Mbeya kazi. Akinunua laptop, malipo ya kwaya yatakuja Krismasi, shamba likiwa limeshapitwa na msimu.

"Njia zote mbili nimechelewa," anasema. "Tofauti ni nani atanikasirikia."

Mchana Mzee Cleophas anapiga. "Mwanangu, wanakwaya wananiuliza. Nisemeje?"

"Shikamoo baba. Nipe mpaka kesho."

Gabriel naye amepata mteja mwingine, kijana wa gemu. Amesema anamngoja Winifrida mpaka Jumamosi saa sita mchana, si zaidi.

Ndoto yake haijawahi kuwa kubwa. Anataka chumba chenye meza, mashine isiyoogopa jua, na ifikapo mwezi wa sita ampelekee baba ng'ombe wawili waliokwisha kuzoeana, wa kulia na wa kushoto, ambao hataambiwa auze hata mmoja.

Saa kumi na mbili jioni anaketi kitandani, anaandika, anafuta, anaandika tena.

"Baba shikamoo. Kesho nataka kununua ile kompyuta. Ng'ombe wawili nitakuletea mwezi wa sita. Ukisema nisinunue, sinunui, hela narudisha yote. Nisamehe kwa kusema uza yule mnene. Sema neno moja tu."

Anatuma. Simu inaonyesha ujumbe umefika.

Dakika moja inapita.

Jumamosi saa tano na dakika hamsini amesimama kwenye ngazi za duka la Gabriel. Ndani, kijana wa gemu ameegemea kaunta, anazungusha funguo za pikipiki kidoleni. Winifrida anatazama simu. Ujumbe wa mwisho ni wake mwenyewe. Chini yake hakuna kitu: baba, asiyechukua dakika kujibu, hajajibu tangu jana.